Kijana wako amechoka na kisukari: jinsi ya kumpunguzia mzigo bila kugombania namba

Anza kwa kulitazama daftari lake la sukari. Daftari la kweli lina sura yake: wino umebadilika mara tatu, kuna namba iliyofutwa ikaandikwa upya, kuna doa la damu pembeni, na kuna siku hazina kitu kabisa. La kubuni ni safi. Wiki mbili nzima zimeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko umelalia upande mmoja, asubuhi 6.1, mchana 7.4, jioni 6.8. Kisha unawasha kipimo chenyewe, unarudi nyuma kwenye kumbukumbu zake, unakuta amepima mara chache tu, na mojawapo ni 19.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimefanya kazi kwenye kliniki ya vijana wenye kisukari, wengi wao aina ya kwanza. Madaftari safi nimeyaona mengi. Mzazi akigundua, kinachofuata karibu kila mara ni kelele, vitisho na ukaguzi mkali zaidi, na mwezi unaofuata kijana anabuni kwa ustadi zaidi: anabadilisha kalamu, anapachika 11 moja hapa na pale ili ionekane kweli. Mara nyingi kijana anayeficha namba bado anajali sana afya yake. Anazificha kwa sababu kila namba inamletea kesi. Kwa hiyo ukitaka apime tena, punguza kesi kwanza. Maelekezo yafuatayo yote yanatoka hapo.

(Namba zote ninazotaja ni milimoli kwa lita. Kama kipimo chako kinasoma miligramu, zidisha mara 18.)

Jua kwanza kwamba sukari hupanda hata bila kosa

Kwenye aina ya kwanza, kinga ya mwili imeziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakuna aliyejiletea kwa kula pipi, na kijana anahitaji kulisikia hilo zaidi ya mara moja, maana wapo ndugu na majirani wanaomwambia kinyume chake, tena mbele ya watu. Mwenye aina ya pili anasemwa vibaya zaidi, kwa sababu watu wanautazama mwili wake na kudhani wameshajua kila kitu.

Halafu mtoto anabalehe, na hesabu zote zinavurugika. Homoni ya ukuaji, ambayo hutoka kwa wingi usiku, huufanya mwili uwe mgumu kuitikia insulini. Aliyekuwa anatumia chini ya uniti 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku anaweza kuhitaji 1.2 au zaidi, na wengine hukaribia 2. Wasichana wengi huona sukari ikipanda siku chache kabla ya hedhi. Kijana yuleyule, aliyekula vilevile na kudunga vilevile, anaamka na 15. Ukimuuliza "umekula nini usiku?" na kweli hakula kitu, umemfundisha kwamba kusema ukweli hakumsaidii.

Msongo wa mawazo nao una njia yake ya kuingia kwenye damu. Mtu akiwa na hofu au hasira, mwili hutoa adrenalini na kotisoli, na homoni hizo huliamuru ini limwage sukari kwa ajili ya kupambana au kukimbia. Asiye na kisukari hutoa insulini ya kutosha mambo yakatulia. Mwenye kisukari hana hiyo akiba. Kwa hiyo siku ya mtihani, au siku aliyogombana na rafiki yake wa karibu, sukari inaweza kupaa bila yeye kugusa chakula. (Kwa wengine inashuka, kwa sababu wakiwa na mawazo hawali.) Na sukari ikikaa juu, kichwa kinakuwa kizito, hasira zinakuwa karibu, usingizi unakatika kwa kwenda chooni. Kumgombeza mtu mwenye sukari ya 17 ni kupoteza pumzi zako, na pengine kumwongezea moja juu yake.

Ukishayajua haya, fanya jambo moja leo: mwambie. Kwa maneno ya kawaida: "Nimesoma kwamba kubalehe kwenyewe kunapandisha sukari. Kwa hiyo zile za asubuhi si lazima ziwe kosa lako. Twende tukaangalie dozi." Nimeona mabega ya vijana yakishuka kwa sentensi hiyo tu.

Ni uchovu wa kisukari, au ni sonona?

Vitu hivi viwili vinafanana kwa nje na matibabu yake hayafanani. Mwaka 1995 mwanasaikolojia wa Marekani William Polonsky na wenzake walichapisha dodoso la kupima mzigo wa kihisia unaotokana na kisukari chenyewe: kuchoka kudunga, kuogopa madhara ya baadaye, kuhisi umefeli, kuona watu wa nyumbani wanakufuatilia kama polisi. Leo lipo toleo lililoandikwa kwa ajili ya vijana, na kliniki nyingi zinalitumia. Ulizia.

Uchovu wa kisukari hukaa kwenye kisukari. Kijana anacheka na wenzake, anafuatilia mpira, ana mipango ya likizo, ila ukitaja kipimo uso unabadilika. Anasema "nitapima baadaye" na baadaye haifiki. Sindano za chakula zinarukwa, hasa za mchana akiwa na watu.

Sonona husambaa kila mahali. Mpira hautaki, marafiki hawataki, analala mno au halali, hamu ya kula imebadilika, anajiona hana thamani, na hali hiyo imedumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Hapo maneno mazuri ya nyumbani hayatoshi, anahitaji mtaalamu. Na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Usijipe kazi ya kutenganisha peke yako. Kazi yako ni kuona kama giza limebaki kwenye kisukari au limevuka, halafu useme kliniki ulichokiona.

Badilisha swali la kwanza

Kijana anaingia mlangoni, begi bado liko mgongoni. Unamwambia nini? Kwenye nyumba nyingi ninazozijua ni "umepima? Ngapi?" Mtoto huyo ametoka na habari za siku nzima, na mtu wa kwanza kumwona ameulizia damu yake.

Jaribu wiki moja bila swali hilo. Muulize habari za siku, mpe nafasi akae, ale kama ni muda wa kula. Sukari iwe na saa yake. Kubalianeni dakika kumi kwa siku, muda uleule, mfano baada ya chakula cha jioni, mnapotazama namba pamoja na kuamua dozi inayofuata. Nje ya dakika hizo hamzungumzii sukari, isipokuwa kuna dharura. Dharura ielezwe mapema ili isigeuzwe kisingizio: sukari iko chini ya 3.9, au imepita 14 na haishuki, au anatapika, au ana ketoni (asidi ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini). Mzazi mwenye wasiwasi ataona dakika kumi ni chache mno. Kijana ataona ni nyingi. Hiyo ni dalili kwamba mmepatana mahali pazuri.

Ndani ya dakika hizo, lugha ndiyo dawa. Haya ni mabadilishano ninayowapa wazazi waende nayo nyumbani:

"Sukari yako mbaya leo" iwe "leo iko juu".
"Umefanya nini tena?" iwe "unadhani nini kimeipandisha?" Kisha nyamaza, umsikilize. Akisema hajui, kubali kwamba hajui.
"Ukiendelea hivi utakatwa mguu" isiwepo kabisa.

Hilo la mwisho nalisimamia kwa ukali. Anayajua madhara. Ameyasoma kwenye simu saa nane za usiku, na picha ameziona. Vitisho vya miaka ishirini ijayo havimwongoi mtu wa miaka 15 apime leo. Vinamfanya akikimbie kipimo, kwa sababu kila akikishika anaona mguu.

Na akikuonyesha 18 mwenyewe, bila kuulizwa, jibu la kwanza liwe "asante kwa kunionyesha". La pili liwe "tunafanyaje?" Usiongeze la tatu.

Neno kwa wenye sensa ya sukari, kile kifaa kinachobandikwa mwilini na kutuma namba kwenye simu ya mzazi. Ni kifaa kizuri mno, na kimeokoa usiku mwingi. Lakini nimemsikia binti mmoja akieleza kwamba simu yake huita darasani kila mshale unapopinda juu, na anayepiga ni mama. Akaamua kuibandua sensa. Wekeni masharti: mzazi hatumi ujumbe mpaka sukari iwe chini ya 3.9 na kijana hajajibu tahadhari kwa dakika kumi, au iwe juu ya kiwango mlichokubaliana kwa saa kadhaa. Zima tahadhari nyingine kwenye simu yako. Utahangaika siku za mwanzo, kisha utazoea.

Chukua tena sehemu ya kazi

Wazazi wengi wanadhani kijana akifika miaka 13 au 14 kisukari kinakuwa chake. "Ameshakuwa mkubwa." Uzoefu na tafiti vinakubaliana hapa: vijana ambao wazazi wao wanabaki ndani ya kazi hiyo, kwa upole, hufanya vizuri zaidi kuliko walioachiwa mapema. Kuwa ndani ya kazi maana yake ni kufanya baadhi yake. Mwenye kuuliza tu hajabeba kitu.

Kaeni na karatasi. Mwache yeye aandike kila anachokifanya kwa ajili ya kisukari kwa siku moja ya kawaida, kuanzia anapoamka. Usimsaidie. Orodha itakuwa ndefu kuliko ulivyodhani: kupima, kubadilisha sindano ya kalamu ya insulini, kukadiria wanga, kukumbuka glukosi ya mfukoni, kuhakikisha insulini haipati joto, kutafuta faragha ya kudunga, kujibu maswali ya watu, kuhesabu vijiti vya kupimia vilivyobaki, kuamka usiku. Halafu muulize: ni kipi kati ya hivi kinakuchosha kuliko vyote?

Jibu mara nyingi linashangaza. Wazazi hudhani ni sindano. Vijana hutaja vitu kama kukumbuka vijiti vinapokaribia kuisha, au ile sindano ya usiku inayowakuta wameshalala. Basi kichukue hicho. Kama ni sindano ya usiku ya insulini ya muda mrefu, sema: "Kwa mwezi huu mimi ndiye nitakuandalia kalamu na kukuletea saa tatu. Wewe nyoosha mkono tu." Kama ni hesabu ya wanga, mpe sahani ikiwa imeshahesabiwa. Andikeni tarehe ya kukaa tena, muone kama anakitaka kirudi kwake au bado.

Likizo ya kisukari haipo, na kijana analijua hilo kuliko mtu yeyote. Likizo ya kukifikiria ipo, kama kuna mtu mwingine anayefikiri kwa niaba yake kwa siku kadhaa. Mpaka mmoja hauvukwi: insulini ya aina ya kwanza haiachwi hata siku moja, akiumwa au asipoumwa, akila au asipokula. Kiasi kinaweza kubadilika kwa ushauri wa kliniki, kuacha hakuna. Anaweza kupunguziwa maswali, kumbukumbu, daftari, hata idadi ya vipimo kwa muda kama daktari ameridhia. Dozi zibaki.

Hofu ya kushuka

Hii inafichwa kuliko zote. Kijana mmoja alikuwa na sukari ya 13 hadi 14 kila siku ya shule na 8 siku za mapumziko. Nyumbani walikuwa wameshahitimisha kwamba anakula ovyo na wenzake. Nilipomuuliza peke yake kama amewahi kushuka akiwa darasani, alitazama viatu vyake muda mrefu. Aliwahi. Alitokwa jasho, akatetemeka, akajibu swali la mwalimu maneno yasiyoeleweka, na darasa likacheka. Tangu siku hiyo anapunguza insulini ya asubuhi kwa makusudi. Alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa na akili ndani yake; ilihitaji njia nyingine tu.

Njia yenyewe ni kumpa uhakika kwamba kushuka kunadhibitika:

Chini ya 3.9, ale au anywe gramu 15 za sukari inayoingia haraka: vidonge vya glukosi, au kama mililita 150 za juisi. Asubiri dakika 15, apime tena, arudie kama bado. Chini ya 3.0 ni hatari na asibaki peke yake. Akipoteza fahamu, asiwekewe chochote mdomoni. Adungwe glukagoni, homoni inayopandisha sukari haraka, kama ipo na mtu anayejua yupo, na msaada wa hospitali uitwe hapohapo.

Hayo huenda mnayajua. Kinachosahaulika ni mazoezi. Glukosi ikae sehemu moja isiyobadilika, mfuko uleule wa suruali au begi, ili mkono uifikie hata akili ikiwa imepotea. Awepo rafiki mmoja anayejua, aliyechaguliwa na kijana mwenyewe, na mwalimu mmoja. Wakubaliane ishara ya kutoka nje bila kuomba ruhusa kwa maneno. Kisha, pamoja na kliniki, mnateremsha lengo taratibu: wiki hii tuone 11 shuleni, baadaye 10. Ukimlazimisha arudi 6 kwa siku moja atakukubalia usoni, kisha atafanya lake.

Wenzake na shule

Kijana anaweza kuvumilia sindano nne kwa siku na ashindwe kuvumilia swali moja la mwenzake. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mtafiti wa uuguzi Margaret Grey na wenzake walijaribu kuwafundisha vijana wenye kisukari stadi za kukabiliana na hali kama hizo kwa kuzigiza: mmoja anakuwa rafiki anayemshawishi ale bila kudunga, mwingine anajibu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2000 yalionyesha kwamba waliopata mafunzo hayo pamoja na matibabu ya kawaida walikuwa na sukari bora na maisha yenye nafuu zaidi mwaka mmoja baadaye, kuliko waliopata matibabu peke yake. Huhitaji chuo kikuu kuigiza. Unahitaji robo saa na kukubali kuonekana mjinga kidogo.

Mwulize ni swali gani linamkera zaidi. Wewe liulize, tena kwa kejeli ileile. Yeye atafute jibu fupi linalofunga mlango bila ugomvi. "Unajidunga nini wewe?" – "Insulini. Mwili wangu hauitengenezi." "Si usile tu vitamu?" – "Ningekuwa nimeshapona basi." "Inaambukiza?" – "Haiambukizi." Jibu likishatoka mdomoni mara tano nyumbani, linatoka lenyewe shuleni.

Usimlazimishe kutangaza hali yake kwa wote. Na tafadhali usimmiminie orodha ya watu maarufu wenye kisukari. Ndiyo, Nick Jonas aligundulika akiwa na miaka 13 na bado anajaza kumbi, na Alexander Zverev anacheza tenisi ya juu kabisa huku akijidunga kati ya seti. Ni habari nzuri akizipata mwenyewe. Zikitoka kwa mzazi katikati ya malalamiko yake, zinasikika kama "acha kulia". Kinachomsaidia zaidi ni kukutana na mwenzake wa kawaida mwenye kisukari, wa umri wake, anayesema "hata mimi jana nilikuwa 20". Kliniki ikiwa na kikundi cha vijana au kambi, mpeleke, umwache huko bila kukaa mlangoni.

Kama wewe ndiye mwenye kisukari na mzazi amekuachia simu usome

Nitasema machache. Namba inakwambia dozi inayofuata, na kazi yake inaishia hapo. Ukiona 17, fanya vitu vitatu kwa mpangilio: sahihisha kama ulivyofundishwa, kunywa maji, endelea na ulichokuwa unafanya. Usidunge tena kabla dozi ya kwanza haijafanya kazi kwa sababu tu umekasirika. Hasira ikikaa kwenye kalamu, saa tatu baadaye unatetemeka. Ukiwa na siku usiyoweza kabisa, usiifiche. Mtumie mtu mmoja unayemwamini ujumbe wa maneno mawili mliyokubaliana, hata kama ni "leo sitaki", naye ajue kwamba maana yake ni "nisaidie bila kunihoji". Na kabla ya mtihani, pumua pole kwa dakika mbili: toa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyovuta. Ni jambo dogo, linateremsha mapigo ya moyo, na hakuna atakayejua unalifanya.

Usisubiri ukiona haya

Anapungua uzito huku kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kikipanda. Anakataa kupimwa uzito. Anadunga faraghani tu na insulini haipungui kwenye kalamu kama inavyopaswa. Anausema vibaya mwili wake. Wapo vijana, wasichana kwa wavulana, wanaoruka insulini ili wakonde. Ni ugonjwa wa kula wenye hatari kubwa kuliko kawaida, na hautibiwi kwa kumshika mkono adunge mbele yako. Mwambie daktari hata kama kijana atakununia.

Analazwa mara kwa mara kwa sukari kupanda sana na ketoni. Mara moja inaweza kuwa homa au insulini iliyoharibika. Ikirudia, mtu aulizie mawazo yake pamoja na dozi. Na akiwa anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa kina na haraka, au pumzi inanukia kama tunda lililoiva mno, hayo ya mawazo yasubiri: ni hospitali sasa hivi.

Anasema hataki kuishi, au "bora nisingekuwepo", au anagawa vitu vyake. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa mlango. Akikubali, au ukibaki na shaka, usimwache peke yake, mpeleke kwa wataalamu siku hiyohiyo, na insulini yote ya nyumbani uishike wewe, umpe kila dozi kwa mkono wako. Insulini ni dawa inayoweza kuua, na mwenye kisukari anayo karibu saa zote. Wazazi hufunga dawa nyingine zote na kuisahau hiyo kwenye friji.

Siku ya kliniki

Omba kijana apewe muda wa kuonana na mtoa huduma bila wewe. Miongozo ya Chama cha Kisukari cha Marekani inapendekeza jambo hilo lianze akiwa na miaka 12 hivi, na sijaona sababu ya kungoja zaidi. Baba mmoja aliniuliza nje ya chumba, "sasa mnazungumza nini ambacho mimi sipaswi kukijua?" Nikamjibu kwamba kama ni hatari kwa maisha yake utakijua, na kijana tumeshamwambia hivyo mapema. Mengine ni yake: pombe, mapenzi, woga, sindano alizoruka.

Mkifika, mwache aongee wa kwanza. Daktari akiuliza swali na macho yakakugeukia wewe, wewe geuza yako kwa mtoto. Njooni na kipimo chenyewe, maana kumbukumbu zake zinatosha. Daftari si lazima. Mwombe aandike maswali mawili ya kwake usiku wa kuamkia kliniki, na moja lisihusu dozi. Uliza kama kuna mshauri nasaha au mwanasaikolojia anayewajua watu wa kisukari, na kama hayupo, nani anaweza kufanya kazi hiyo kwa sasa. Taja na usingizi wako mwenyewe. Mzazi anayeamka kila usiku kupima hana subira ya mchana, na kugawana zamu na mtu mzima mwingine ni sehemu ya matibabu ya mtoto.

HbA1c ikitoka, itapokewa humo ndani na daktari ataieleza. Kwa vijana wengi lengo ni chini ya asilimia 7, ila aliyekuwa 11 akafika 9.8 amefanya kazi kubwa na aambiwe hivyo, kwa sauti, yeye akiwepo. Mkitoka, njiani zungumzeni jambo lingine lolote. Kipimo mtakirudia kesho yake, kwenye zile dakika kumi.